Nani Amehakikisha Virusi Vimekufa?

Ng'ombe wa jirani yangu hapa Ndanai alipoanza kuchechemea na kutokwa na ute mdomoni, habari zilienea upesi kuliko pikipiki ya daktari wa mifugo. Hakuna mfugaji wa upande huu wa Sotik asiyezijua dalili za ugonjwa wa miguu na midomo: homa, malengelenge ulimini na baina ya kwato, maziwa kupungua ghafla, na wakati mwingine ndama kuanguka na kufa kwa sababu ugonjwa umeushambulia moyo wake. Baada ya hapo hufuata karantini chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Soko la mifugo hufungwa. Mzazi aliyetarajia kuuza fahali ili alipe karo huja kwa mwalimu mkuu akiwa na maelezo badala ya pesa.

Ni katika siku hizo ambapo mwanafunzi wa kidato cha nne alisimama darasani akaniuliza, "Mwalimu, umetufundisha kwamba chanjo ya ugonjwa huu hutengenezwa kwa virusi vya ugonjwa wenyewe. Sasa nani amehakikisha vimekufa?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana niliwahi kulisikia swali hilo hilo likiulizwa na watu wazima, nao hawakupewa jibu. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 serikali ya Kenya ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 pamoja na mbuzi na kondoo milioni 50, nchi nzima iligeuka baraza la mabishano. Wapo waliodai kwamba dawa hiyo ilinuiwa kupunguza gesi wanayotoa ng'ombe. Wapo waliosema ni njama ya matajiri wa ng'ambo ya kubadilisha mbegu za mifugo yetu. Mengi ya hayo yalikuwa uzushi mtupu. Lakini baina ya wazushi walikuwamo wafugaji waliotaka tu kujua ni kitu gani kilichomo ndani ya chupa, na hao nao walijibiwa kwa kejeli, kana kwamba kuuliza ni wendawazimu.

Mimi nadai kwamba swali la yule mwanafunzi ni halali, lina historia ndefu, na lina jibu. Jibu lenyewe halihitaji imani. Linahitaji kemia na hisabati kidogo, masomo tunayoyafundisha kila siku katika shule zetu.

Kwanza ifahamike kwamba kampeni ile ilichanganya vitu viwili katika neno moja. Chanjo ya mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka yao ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Hiyo ya ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo ni virusi vilivyouawa kabisa kwa dawa ya kemikali. Katika ile ya kwanza virusi vikikutwa vimekufa, chanjo imeharibika. Katika ya pili virusi vikikutwa vi hai, chanjo imekuwa ugonjwa. Sikumbuki kumsikia afisa yeyote akiieleza tofauti hiyo jukwaani, ingawa ndiyo iliyopaswa kutangulia.

Hapa kwetu chanjo ya miguu na midomo hutengenezwa Embakasi, Nairobi, na taasisi ya umma iliyoundwa mwaka wa 1990, ijulikanayo kwa kifupi kama KEVEVAPI. Kazi huanza kwa kukuza virusi vingi iwezekanavyo. Hulishwa chembe hai za mwili zinazoitwa BHK, ambazo asili yake ni figo za vitoto vya panya aina ya hamsta; virusi huziingia, huzaana ndani yake na kuzipasua. Mwisho wake ni tangi lililojaa mchuzi wenye maradhi ya kutosha kuteketeza biashara ya maziwa ya mikoa kadhaa. Katika tangi hilo ndimo kemikali hutiwa.

Mtu ataniuliza: kwa nini isitumike dawa yoyote kali? Kuviua virusi hivi si shida. Asidi huvivunja, hata asidi isiyo kali sana, na magadi huvimaliza pia; wazee waliokuwa wakiosha vidonda vya ng'ombe kwa magadi hawakuwa wamepotea njia. Shida ni kuviua pasipo kuviharibu sura. Kinga ya ng'ombe humtambua adui kwa gamba lake la nje. Ukilisambaratisha gamba, ng'ombe hatajifunza lolote, na utakuwa umemdunga maji machafu. Yatakiwa kemikali ipenye ndani, iharibu ile asidi ya RNA iliyobeba maagizo ya kuzaana, na iliache gamba likiwa zima, mfano wa nyumba ambayo mwenyewe ameondolewa na kuta zimebaki wima.

Dawa ya kwanza kutumika kwa wingi ilikuwa fomalini, ile ile inayohifadhi vyura katika maabara za shule. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Waldmann na wenzake waliitumia kutengeneza chanjo, na kwa miongo mingi Ulaya iliitegemea. Lakini fomalini ina hila. Mwanzoni huua kwa kasi, kisha kasi hupungua, kwa kuwa hulikakamaza gamba la protini na kujizibia mlango yenyewe. Virusi vichache vilivyosalia hujikuta ndani ya ngome iliyojengwa na dawa iliyotumwa kuviua. Binadamu walilipia hila hiyo mwaka wa 1955 huko Marekani, wakati chanjo ya polio iliyotengenezwa na kampuni ya Cutter kwa fomalini ilipotoka ikiwa na virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza na 10 wakafa, na baadhi yao hawakuwa wamechanjwa bali waliambukizwa na watoto waliochanjwa.

Upande wa ng'ombe ukweli ulichelewa kujulikana. Mwaka wa 1987 Wajerumani Beck na Strohmaier walilinganisha RNA ya virusi vilivyokusanywa katika milipuko ya Ulaya na ile ya virusi vilivyotumika kutengeneza chanjo. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya milipuko hiyo ilikuwa imetokana na virusi vya chanjo, ama kwa sababu havikuuawa barabara, ama kwa kuponyoka viwandani. Kufikia mwaka wa 1992 Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imeiacha chanjo ya kila mwaka.

Sisi hatuna anasa ya kuiacha. Ugonjwa umejikita Afrika Mashariki, nyati wa mbuga zetu hubeba baadhi ya aina zake, na ng'ombe huvuka mipaka ya wilaya na nchi bila kuonyesha cheti. Kinga ya chanjo yenyewe hudumu miezi michache tu, hata mfugaji hulazimika kuchanja walau mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo dawa bora ya kuulia virusi ni jambo linalotugusa sisi kuliko linavyomgusa Mholanzi au Mfaransa.

Dawa hiyo bora ipo. Mwaka wa 1975 mtaalamu aitwaye Bahnemann alichapisha njia ya kutumia binari ethilinimini. Wataalamu hulifupisha jina hilo kuwa BEI, herufi tatu ambazo zitamchekesha mfugaji yeyote anayelalamikia malipo ya maziwa. Kemikali hii hulipita gamba ikaenda kuishambulia RNA yenyewe. Sifa yake kubwa, na hapa nawaomba walimu wa Hisabati wasikilize, ni kwamba haichoki njiani. Kila saa huua sehemu ile ile ya virusi vilivyobaki. Ukichora logariti ya idadi ya virusi dhidi ya muda, unapata mstari ulionyooka unaoteremka.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kila mililita ya mchuzi ina virusi milioni 100 vyenye uwezo wa kuambukiza, na kila saa idadi hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Baada ya saa 8 kitabaki kirusi kimoja katika kila mililita. Mwanafunzi mwenye haraka ataweka kalamu chini na kuenda kucheza kandanda. Lakini tangi la lita 1,000 lina mililita milioni moja, ndiyo kusema virusi milioni moja vingali humo. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linataka mwishoni mwa kazi pawe na chini ya kirusi kimoja katika lita 10,000, yaani mililita milioni 10. Kutoka pale mwanafunzi alipoweka kalamu, zinahitajika saa nyingine 7. Kwa mfano wetu huu, aliyesimamisha kazi kabla ya saa 15 kutimia amepeleka ugonjwa sokoni.

Sasa tazama ugumu ulipo. Hakuna maabara iwezayo kupima lita 10,000 tone kwa tone. Wapimaji huchota sampuli kila baada ya muda, huhesabu virusi hai vilivyomo, huweka nukta katika grafu, kisha huurefusha mstari hadi mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Usalama wa ng'ombe wa Ndanai umesimama juu ya unyofu wa mstari huo. Nukta zikifuatana sawasawa, tunao ushahidi. Mstari ukianza kulala kuelekea mwisho, kuna virusi vilivyopata maficho, na kundi zima la chupa lafaa kutiliwa shaka, hata kama vipimo vya mwisho havikuona kitu.

Maficho yenyewe hayako mbali. Mama anayechemsha maziwa anajua kwamba tone lililorukia mfuniko wa sufuria halikuchemka. Ndivyo ilivyo katika tangi: tone la mchuzi lililonasa juu ya kifuniko au katika kona ya bomba halikukutana na dawa, na laweza kudondoka baadaye. Ndiyo sababu kanuni zinaagiza mchuzi uhamishiwe katika tangi la pili lililo safi kabla kazi haijakamilika, dawa ikiwa ingali inafanya kazi. Baada ya hapo BEI iliyosalia huzimwa kwa thiosalfeti ya sodiamu, kemikali ambayo kila mtahiniwa wa Kemia wa kidato cha nne ameiona ikifanya weupe katika jaribio la kasi ya mmenyuko. Nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba chupa ile ile ya maabara yetu ina ndugu yake Embakasi, ndipo vicheko vilipokoma.

Huenda msomaji akaona kwamba natisha watu kwa visa vya Ulaya ya zamani. Basi na turudi nyumbani. Virusi vya ugonjwa huu vimegawanyika katika aina saba, na moja ya hizo huitwa C. Aina C haijaripotiwa popote duniani tangu mwaka wa 2004, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho kuiona. Mwaka wa 2011 watafiti wakiongozwa na Mkenya Abraham Sangula walichapisha uchunguzi wa virusi vya aina C vilivyokusanywa nchini kwa miaka mingi. Kwa kawaida virusi hivi hubadilika upesi. Vinavyozunguka malishoni kwa miongo kadhaa haviwezi kubaki vikifanana. Lakini hivi vilikuwa vimetofautiana kidogo mno, tena vilikaribiana sana na kirusi cha Kenya cha mwaka wa 1967 kilichokuwa kikitumika kutengenezea chanjo. Watafiti walihitimisha kwamba yamkini virusi vya chanjo ndivyo vilivyokuwa vikirudi malishoni.

Neno "yamkini" ni lao, nami naliheshimu. Uchunguzi haukumkamata mtu, wala haukuthibitisha kama njia ilikuwa chanjo isiyouawa vyema au virusi vilivyoponyoka. Pia ulihusu miaka iliyopita, wala hausemi lolote dhidi ya chupa iliyotolewa mwaka huu. Lakini umeongozwa na Mkenya, unahusu ng'ombe wa Kenya, na uko wazi kwa kila msomi duniani. Kwa nini basi mfugaji ausikie kutoka kwa mzushi wa sokoni, akiwa ameuongezea chumvi, badala ya kuusikia kutoka kwa mwalimu au afisa wa mifugo pamoja na maelezo ya jinsi makosa ya namna hiyo yanavyozuiwa?

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema kwamba ukimweleza mfugaji habari hizi, atakimbia chanjo kabisa, na ugonjwa utatawala. Hoja hii si ya kupuuzwa. Uvumi wa mwaka wa 2024 ulionyesha jinsi hofu inavyowaka. Lakini wanaoitoa wanasahau kwamba hofu ile iliwaka wakati ambapo hakuna aliyekuwa amemweleza mfugaji chochote. Ukimya ulikuwapo na haukumtuliza mtu. Mkulima wa majani chai wa Bomet anayejua kupinga mizani ya kituo cha kununulia hashindwi kuelewa kwamba dawa yahitaji saa za kutosha. Tunamdharau bure.

Wagonjwa wa himofilia, ambao damu yao haigandi, wana la kutufundisha hapa. Dawa yao hutokana na damu ya watu wengi, na katika miaka ya 1970 na 1980 iliwaambukiza maelfu yao UKIMWI na homa ya ini. Mwaka wa 1985 Kituo cha Damu cha New York kilileta njia ya kuisafisha kwa kiyeyushi na sabuni, ambavyo huyeyusha utando wa mafuta uliovizunguka virusi hivyo. Njia hiyo imeokoa maisha mengi mno. Hata hivyo kirusi kisicho na utando wa mafuta hakijali sabuni, na homa ya ini ya aina A ilijipenyeza katika dawa iliyosafishwa hivyo, ikawapata wagonjwa wa Italia kufikia mwaka wa 1992. (Kirusi cha miguu na midomo nacho hakina utando huo; sabuni peke yake haikitishi.) Uingereza ilichukua miongo kadhaa kukiri yaliyotendeka. Ripoti ya uchunguzi wa umma iliyotolewa Mei 2024 ilieleza kwamba zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa kupitia damu na dawa zake, na kwamba pamoja na maambukizo yenyewe palikuwa na ufichaji wa ukweli. Hasira ya familia hizo hadi leo ni ya kufichwa kama ilivyo ya kuambukizwa.

Ninachopendekeza si kigumu wala hakihitaji kamati. Kila kundi la chanjo lina nambari yake iliyoandikwa kwenye chupa. Kiwanda kina grafu ya kila kundi, kwa sababu hakiwezi kulitoa bila grafu hiyo. Basi grafu na matokeo ya vipimo yachapishwe kwa nambari ya kundi, na nakala ibandikwe katika ofisi ya mifugo ya kila wadi kabla ya siku ya kuchanja, karibu na orodha ya majosho. Karatasi moja yatosha. Afisa aweze kuulizwa na aweze kujibu: dawa ilitiwa saa ngapi, mchuzi ulihamishwa lini, mstari ulinyooka hadi wapi.

Nasi walimu tusikae kusubiri. Mtaala wa shule una logariti, una kasi ya mmenyuko, una virusi na kinga ya mwili, lakini kila kimoja hufundishwa katika chumba chake, kana kwamba havijuani. Wanafunzi wengi wa Ndanai hukama ng'ombe kabla ya kuja shuleni. Ni aibu kuwatungia maswali ya logariti kuhusu benki zisizojulikana ziliko, ilhali hesabu muhimu kuliko zote katika boma lao imo ndani ya chupa anayokuja nayo daktari wa mifugo.

Yule mwanafunzi wangu aliinakili nambari ya kundi kutoka kwenye chupa tupu siku walipochanjwa ng'ombe wa kwao. Ameiandika juu ya ukurasa wa daftari lake la Hisabati, chini yake akachora mihimili miwili, wa muda na wa logariti. Nafasi ya mstari ameiacha wazi, na ameniuliza anwani ya mahali pa kuandika barua ili aujaze.